Mshono Huru kwenye Miraba Midogo ya Mfarishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo washonaji wa nyumbani wa Dar es Salaam huyarudia kila wanapoanza kutia mshono kwenye mifarishi ya viraka, yaani matandiko ya tabaka kadhaa zilizoshonwa pamoja, kwa cherehani ya kawaida. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale yanayowakuta wachache. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Mshono huru ni nini?

Katika ushonaji wa kawaida, meno yaliyo chini ya sindano ndiyo yanayovuta kitambaa kwenda nyuma, na urefu wa kila mshono hupangwa na cherehani yenyewe. Katika mshono huru meno hayo hushushwa au hufunikwa, mguu wa kawaida huondolewa na mahali pake hufungwa mguu wa kudarizi usiokigandamiza kitambaa muda wote, na kazi yote ya kusogeza kitambaa hubaki mikononi mwa mshonaji. Unaweza kwenda mbele, nyuma, kando au kwa duara bila kugeuza kazi. Urefu wa mshono sasa unategemea mambo mawili tu: mwendo wa cherehani na mwendo wa mikono.

Je, huku si kudarizi tu?

Ni jirani wa karibu sana. Fundi anayedarizi foronya au shingo ya kanzu kwa cherehani ya kukanyaga, akiwa ameondoa meno na kukibana kitambaa kwenye fremu, tayari anajua zaidi ya nusu ya kazi hii, na ninashauri anayeanza akae kando ya fundi wa namna hiyo kabla ya kununua kifaa chochote. Tofauti ni kwamba mfarishi una tabaka tatu, yaani uso wa viraka, pamba ya katikati na bitana ya chini, na lengo la kwanza la mshono ni kuzishikanisha tabaka hizo zisihame. Pambo huja pamoja na kazi hiyo. Aidha, fremu kwa kawaida haihitajiki, kwa sababu unene wa tabaka tatu unatosha kukipa kitambaa ukakamavu.

Kwa nini mnasisitiza miraba midogo badala ya mfarishi mzima?

Kwa sababu ya nafasi. Kati ya sindano na mwili wa cherehani ya nyumbani kwa kawaida kuna takribani sentimita 15 hadi 20, na mfarishi wa kitanda ukikunjwa na kusukumwa katika uwazi huo hugeuka mzigo unaovuta mikono, unaopinda sindano na kuharibu mistari. Mraba wa sentimita 20 au 30 hupita bila shida, huzunguka upendavyo, na ukiharibika umepoteza kiraka kimoja tu. Miraba iliyokwisha kushonwa huunganishwa baadaye (tazama sehemu ya kumalizia na kuunganisha). Zaidi ya hayo, katika joto la jiji hili si wengi wanaohitaji mfarishi mzito wa kitanda. Mraba mmoja unatosha kuwa uso wa mto wa kochi, kitambaa cha kuwekea sahani, ubavu wa mkoba au pambo la ukutani.

Kushona mfarishi kwa mashine kunahesabika kuwa kazi ya sanaa kama kushona kwa mkono?

Ubishi huo ulikuwa mkali kwa wenzetu wa Marekani, ambako mshono wa mkono uliheshimiwa peke yake kwa muda mrefu. Mwaka 1989, mshonaji Caryl Bryer Fallert alitwaa tuzo kuu katika maonyesho ya mifarishi ya Paducah, jimbo la Kentucky, kwa mfarishi ulioshonwa kwa mashine, na tangu hapo hoja ya kwamba mashine ni njia ya mkato ilipoteza nguvu. Kwetu, ambako darizi ya cherehani imeheshimiwa siku zote, sioni sababu ya kuufufua.

## Cherehani na vifaa

Ni cherehani ipi inafaa?

Karibu yoyote inayoshona mshono ulionyooka vizuri. Singer na Butterfly nyeusi zilizojaa mitaani hufanya kazi hii vyema, na pengine kuliko mashine nyepesi za plastiki, kwa sababu uzito wake huzuia mtikisiko. Cherehani ya kukanyaga ina faida mbili: mikono yote miwili inabaki huru, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Sharti lake ni mguu uliozoea kukanyaga kwa mwendo mmoja, kwani gurudumu likirudi kinyume uzi hukatika au hujisokota chini. Cherehani ya kuzungusha kwa mkono ndiyo pekee nisiyoipendekeza, maana mkono mmoja ukiwa kwenye mpini, mmoja uliobaki hauwezi kuongoza kitambaa ipasavyo.

Cherehani yangu haina kitufe cha kushusha meno. Nifanyeje?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuweka urefu wa mshono kwenye sifuri na kuyaacha meno yalivyo. Yatapanda na kushuka bila kuvuta kitambaa, ingawa utayahisi yakikwaruza bitana. Ya pili ni kuyafunika kwa kipande cha plastiki laini au kadi ngumu iliyotobolewa tundu la sindano na kubandikwa kwa utepe wa gundi wa karatasi pande zote, mradi kisizibe mlango wa bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini. Ya tatu, kwa mashine za zamani, ni kumwomba fundi wa cherehani ayafungue kabisa, jambo ambalo mafundi darizi hufanya kila siku. Kabla ya yote hayo chunguza vizuri: katika baadhi ya mashine nyeusi kitufe kipo, ama juu ya bamba upande wa kulia ama ni skrubu iliyojificha chini ya mashine.

Je, ninaweza kushona bila mguu wowote?

Mafundi darizi hushona hivyo, lakini wao wanatumia fremu inayokibana kitambaa na vidole vyao vimezoea miaka mingi. Bila fremu na bila mguu, kitambaa hupanda pamoja na sindano, mshono huruka, na kidole kinaweza kuingia chini ya sindano. Nunua mguu wa kudarizi wenye springi. Cherehani nyingi za nyumbani hutumia miguu ya shina fupi (shina ni sehemu inayofungwa kwenye cherehani), lakini nenda dukani na mguu wako wa kawaida ili ulinganishe urefu wa shina.

Sindano na uzi wa namba gani?

Kwa pamba nyepesi na khanga, sindano namba 14, ambayo pakiti nyingine huiandika 90, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kitenge kizito au tabaka nene tumia namba 16, yaani 100. Badilisha sindano baada ya takribani saa nane za kushona, au mapema zaidi ukisikia inagonga kitambaa badala ya kukitoboa. Katika unyevu wa pwani sindano zilizoachwa wazi hupata kutu upesi, hivyo zihifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

Uzi wa poliesta wa koni kubwa, unaopatikana Kariakoo kwa rangi zote, unafaa, ila chagua usio na manyoya. Vuta kipande mbele ya mwanga. Ukiona nywele nyingi zimesimama, uzi huo utajaza vumbi kwenye bobini. Koni isiyoenea kwenye kijiti cha cherehani iweke ndani ya kikombe nyuma ya mashine. Uzi wa darizi unaong'aa ni mzuri kwa macho lakini hukatika kwa urahisi, na haumsaidii anayejifunza. Juu na chini tumia rangi moja, kwani hitilafu ndogo za mkazo wa uzi hazitaonekana.

Nahitaji glavu maalumu?

Huhitaji za bei ghali. Unachotafuta ni mshiko, na glavu za kazi zenye vidoti vya mpira zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi zinatosha. Kwa jasho la Dar es Salaam wengi hukata glavu na kubakiza sehemu ya vidole vitatu tu. Kilicho muhimu kuliko glavu ni uso tambarare kuzunguka sindano. Kama cherehani yako haikuzamishwa mezani, panga maboksi magumu au vitabu vya kimo kimoja kushoto na mbele yake, kwa sababu mraba unaoning'inia ukingoni huvuta mkono bila wewe kutambua.

## Vitambaa na maandalizi

Khanga na vitenge vinafaa?

Vinafaa sana vikiwa vya pamba halisi. Vifue kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kila rangi peke yake, kwani khanga mpya husinyaa na nyingine huchuja rangi, na wekundu ukihamia kwenye weupe baada ya mraba kushonwa hakuna dawa ya uhakika. Kitenge chenye wanga mwingi hupinga sindano na kukata uzi hadi kifuliwe. Katika maduka ya Mtaa wa Uhuru na mitaa ya Kariakoo kuna vitambaa vya poliesta vilivyochapwa mfano wa vitenge. Hivyo huteleza juu ya pamba ya katikati na havikai mkunjo wa pasi, kwa hiyo viache.

Khanga ina faida ambayo kitambaa kisicho na maua hakina: ni ramani iliyokwisha kuchorwa. Mtu asiyejiamini kuchora anaweza kufuata kwa sindano mistari ya korosho, maua au nyota zilizochapwa kwenye pindo na mji, na upande wa bitana akapata mchoro kamili wa uzi kana kwamba umebuniwa. Kuhusu jina la khanga, yaani maandishi yake, maoni yangu ni kwamba usishone juu ya herufi. Zizunguke kwa karibu, kisha jaza eneo lililo nje yake kwa mshono mdogo mdogo uliobanana. Mahali palipobanwa na uzi hulala, mahali palipoachwa huinuka, na maneno yatasimama juu ya mraba na kusomeka hata kwa kupapasa. Kanuni hii ya kulala na kuinuka ndiyo siri ya karibu kila pambo zuri la mfarishi, na khanga inaifundisha kwa haraka kuliko kitambaa kingine chochote ninachokijua.

Katikati niweke nini?

Pamba bapa ya poliesta inayouzwa kwa mita, ile inayotumiwa kwenye majaketi, inafaa ikiwa nyembamba. Blanketi jepesi la mtumba au flana pia hufaa, na kwa hali yetu ya hewa mara nyingi ndiyo bora, kwa kuwa hulala vizuri na haileti joto kubwa. Usitumie sufi: nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazikai pamoja kama tabaka, na baada ya kufua hukusanyika pembeni. Sponji iachie mikoba tu, tena nyembamba sana.

Nikate ukubwa gani?

Kata pamba na bitana zizidi uso wa mraba kwa sentimita 4 au 5 kila upande. Ziada hiyo inakupa mahali pa kushika unaposhona pembeni, na inafidia kusinyaa, kwani kila mshono huvuta kitambaa kidogo. Mraba uliojazwa mshono mwingi husinyaa zaidi kuliko uliopigwa mistari michache. Kwa sababu hiyo uso wenyewe nao uanze ukiwa mkubwa kidogo kuliko kipimo unachotaka, na vipimo vya mwisho vikatwe baada ya kushona.

Tabaka zishikizwe vipi?

Piga bitana pasi, itandaze upande wake mzuri ukiangalia chini, weka pamba, kisha uso. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kuanzia katikati kwenda pembeni, au tumia pini za kufunga ukiacha nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Napendelea bandi kwa miraba midogo, kwa kuwa mguu wa kudarizi haukutani na kitu kigumu njiani.

## Kushona kwenyewe

Nianzeje mshono?

Shusha mguu. Hili husahauliwa kuliko yote, kwa sababu mguu wa kudarizi hata ukishushwa huonekana kama umeinuliwa. Usiposhushwa, visahani vya mkazo, vinavyopitiwa na uzi wa juu, havibani uzi na chini hujaa fundo. Zungusha gurudumu mara moja, vuta uzi wa juu ili uzi wa bobini utokeze juu ya kitambaa, shika nyuzi zote mbili, kisha shona hatua nne au tano ndogo sana karibu mahali pamoja ili kufunga. Kata ncha baada ya kusogea kidogo. Malizia kwa namna hiyo hiyo.

Mishono yangu mingine mirefu, mingine mifupi. Tatizo ni mashine?

Mashine haina kosa. Mirefu hutokea mikono ikikimbia kuliko sindano, na mifupi mikono ikisita. Anayeanza huogopa mwendo wa cherehani na kukanyaga taratibu mno, huku mikono ikiharakisha. Matokeo yake ni mishono mirefu inayonasa kucha. Ongeza kidogo mwendo wa cherehani, uufanye usibadilike, kisha uuache mkono uende polepole. Lengo la kawaida ni mshono wa milimita 2.5 hadi 3, lakini mishono iliyolingana kwa urefu wowote hupendeza kuliko mishono ya kipimo sahihi inayoyumbayumba.

Macho yatangulie: tazama mahali unapoelekea, si sindano, kama dereva wa daladala anavyotazama barabara na si tairi lake. Simama ukiwa na sindano chini kila unapotaka kuhamisha mikono. Ukijaribu kuhamisha mkono huku mashine inatembea, hapo ndipo mstari unaporuka.

Nianze na michoro gani?

Anza na mistari ya mawimbi inayokwenda na kurudi, kisha vitanzi, kisha njia inayojikunjakunja bila kujikata, ambayo ndiyo mshono wa kujazia unaotumika zaidi. Majani na vijiwe vya duara vije baadaye, na manyoya ya mviringo yawe ya mwisho. Kila mchoro uchore kwanza kwa kalamu kwenye karatasi bila kuinua mkono, ukurasa hadi ukurasa. Ambacho mkono haujakizoea kwa kalamu hautakiweza kwa sindano. Huu ni ushauri unaochosha kusikia, na ndio unaodharauliwa zaidi.

Nitumie nini kuchora juu ya kitambaa?

Chaki ya fundi au kipande chembamba cha sabuni ya mche kwenye rangi iliyokolea. Kalamu zinazofutika kwa joto la pasi zijaribu kwanza kwenye mabaki, kwa kuwa alama yake inaweza kurudi kitambaa kikipata baridi kali.

## Kasoro na tiba zake

Chini kuna vitanzi, juu pako sawa. Kwa nini?

Karibu kila mara chanzo kiko juu: mguu haukushushwa, uzi haukuingia kati ya visahani, au mkazo wa juu umelegea. Toa uzi wote, inua mguu, tunga upya, kisha ushushe mguu. Vitanzi vikijitokeza kwenye kona na duara pekee, mikono inakimbia kwenye mapinda. Rudi kwenye jibu la mishono mirefu na mifupi. Uzi wa bobini ukionekana juu, legeza mkazo wa juu.

Niguse skrubu ya kikasha cha bobini?

Iwe hatua ya mwisho, na kwa robo ya mzunguko au chini yake kila mara. Kwa kikasha kinachotoka, kining'inize kwa uzi wake: kisishuke chenyewe, lakini ukitikisa mkono kidogo kishuke kidogo na kusimama. Weka alama ya mahali skrubu ilipokuwa kabla ya kuigeuza.

Sindano inavunjika mara kwa mara.

Unavuta kitambaa badala ya kukisogeza. Sindano ikiwa ndani ya kitambaa huku mkono unavuta, hupinda na kugonga bamba. Kwenye makutano ya viraka, ambako mishono minne inakutana, punguza mwendo au zungusha gurudumu kwa mkono. Kupiga pasi mishono hiyo ikiwa imefunguliwa pande mbili hupunguza kilima hicho.

Uzi unakatika, hasa kwenye kitenge.

Jaribu kwa utaratibu huu: sindano mpya, kisha sindano kubwa zaidi kwa namba moja, kisha punguza mkazo wa juu, kisha kagua tundu la bamba kama lina mikwaruzo iliyoachwa na sindano zilizovunjika. Kitenge kisichofuliwa kimekwisha kutajwa.

## Kumalizia na kuunganisha

Mraba umepinda baada ya kushonwa. Unanyooka?

Ukipinda kidogo, ndiyo. Ulowanishe, utandaze juu ya godoro au ubao laini, uvute hadi upate umbo, uubane kwa pini pembeni na uuache ukauke kabisa. Ukipinda sana, sababu ni mshono uliobanana upande mmoja na kuachwa upande mwingine, na tiba ni kujaza upande uliobaki kwa wingi uleule.

Miraba iliyokwisha kushonwa inaunganishwaje?

Njia nadhifu ni kuacha sentimita 2 hivi pembeni bila mshono. Unganisha nyuso mbili kwa cherehani, punguza pamba ili zikutane bila kupandana, kisha kunja bitana moja juu ya nyingine na uishone kwa mkono. Njia ya haraka ni kutumia kanda za kitambaa, moja juu na moja chini, zinazofunika maungio. Kanda za khanga ya rangi moja hupendeza, na hufanya miraba isiyolingana kidogo ionekane kama ilikusudiwa.

## Hali za pekee

Nimeletewa cherehani ya mtumba kutoka Japani. Niichomeke?

Subiri. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni takribani 120, na wetu ni 230. Soma kibao kilicho nyuma ya mashine au kwenye pedali. Kama kimeandikwa 100 au 110, lazima utumie transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, la sivyo mota itaungua mara moja. Kwa mashine zenye vibao vya kompyuta, kinga ya umeme unaopanda na kushuka pia ni ya lazima.

Mabega yananiuma baada ya muda mfupi.

Mara nyingi meza iko juu mno au mraba haukulala tambarare. Keti ili viwiko vifikie kimo cha bamba la cherehani, sukuma kwa viganja vilivyolala badala ya kubana kwa vidole, na simama kila bobini inapokwisha.

Mimi hutumia mkono wa kushoto. Kuna cha kubadilisha?

Mikono yote miwili inafanya kazi sawa, kwa hiyo hakuna, isipokuwa mwelekeo. Ukiona michoro inatoka vizuri zaidi unapotoka kulia kwenda kushoto, anzia kulia. Maelekezo mengi ya kuanzia kushoto yameandikwa kwa mazoea ya waandishi wake.

Sindano imeingia kidoleni na damu imedondoka kwenye mraba.

Kidole kwanza: kioshe kwa maji na sabuni, na ikiwa ncha ya sindano imevunjikia ndani, usiichokonoe, nenda zahanati. Damu kwenye kitambaa itoe papo hapo kwa maji baridi, kamwe si ya moto, na usiipige pasi kabla haijatoka yote.